Ngeli ya Kongosho

Miaka ishirini na sita nilifundisha Kiswahili
katika shule moja tu, nyuma ya soko la Kibuye,
na kila muhula wa pili, viungo vya ndani:
moyo, mapafu, ini, bandama, nyongo, figo.
Nikifika kongosho darasa linavunjika mbavu.
Kongosho! Kama sauti ya kiatu topeni.
Nami nacheka nao, nafuta ubao, kengele inalia.

Chumba cha walimu tulibishania ngeli yake.
Amollo alishikilia LI-YA, kongosho hili, makongosho haya;
mimi I-ZI, na kamusi yetu kurasa za K zilichanwa
na mtu aliyefungia njugu.
Hatukuafikiana. Chai ilikuwa ikipoa.

Mwezi wa Mei mafuriko yaliingia Nyalenda,
maji ya kisima yakageuka rangi, tumbo likanikoroga.
Obura wa duka la dawa hakuinua hata kichwa:
"Ni ameba, Mwalimu. Ameba ya mafuriko."
Akakata vidonge kwa mkasi, akavitia kwenye kibahasha cha kaki,
akaandika: 1 x 3.
Nilimfundisha huyu. Mwandiko wake bado unaangukia kulia.

Siku ya kwanza, ladha ya sarafu ulimini.
Ya pili, chai ikawa na ladha ya ufunguo.
Ya tano, saa nane za usiku,
kitu
kilinishika chini ya kifua kikapenya hadi mgongoni,
kama mtu anayenifunga mshipi kutoka ndani
na kila nikipumua anakaza tundu moja zaidi.
Nikapiga magoti, paji la uso kwenye sementi.
Mume wangu alidhani naomba. Akasubiri nimalize.

Russia, wodi ya wanawake, kitanda cha kumi na nne.
Daktari Mukabana, kijana, koti limemzidi mabega:
"Mama, unakunywa?"
Maji, nikasema.
"Chang'aa? Busaa? Hata kidogo, wikendi?"
Mimi Msabato, mjukuu wa Msabato.
Akaandika kitu. Akaja mwingine, akauliza lile lile.
Wa tatu aliinama, akaninong'oneza,
kana kwamba tuna siri yetu wawili.
Kufikia Jumamosi wanakwaya waliokuja kunitazama
walisimama mbali kidogo na kitanda
wakaimba beti mbili tu.

Wakanipaka ute baridi, wakachungulia kwa mashine:
mfuko wa nyongo hauna jiwe.
Damu ikasema kongosho limejigeukia,
vimeng'enya vyake vinalitafuna lenyewe.
Hapo ndipo Mukabana aliporudi, bila kalamu.
"Mwalimu, kuna dawa uliyokuwa ukimeza?"
Mume wangu akakitoa kibahasha mfukoni, na shilingi mbili tatu.
Daktari akaketi kitandani, jambo wasilolifanya.
"Ni nadra sana," alisema. "Lakini hutokea."

Nadra. Neno hilo nalo nimelifundisha.
Tungeni sentensi! Na watoto wakatunga:
Ni nadra baba kurudi mapema.
Ni nadra kumwona fisi mchana.
Hakuna aliyewahi kutunga sentensi hiyo
fisi akiwa mlangoni.

Siku nne za dripu, bila tone kinywani,
nikinusa ngege wa kukaanga nje ya lango.
Consolata, kitanda cha kumi na tano,
alipona kwa vidonge hivyo hivyo, mwaka jana.
Aliniambia taratibu, kama anayeomba radhi.

Sasa mafuta siyagusi. Kwenye jalada la daftari la kliniki
nimeandika jina la dawa kwa wino mwekundu
nikalipigia mistari miwili, kama kosa la mtahiniwa.
Amollo alinipigia simu. Umeshinda, nikamwambia,
ni LI-YA. Usiku ule nililia "langu".

Obura nilimpelekea kibahasha chake.
Alikisoma kama barua ya msiba.
"Mwalimu, mimi nili..."
Nyuma yangu foleni, mtoto ameshika tumbo.
Obura akaushika mkasi,
akauweka chini,
akaushika tena.